Jirani yangu na sanamu yake

Jirani yetu hapa Area D ni fundi mitambo kutoka Sri Lanka, Mbudha. Sebuleni ana rafu yenye sanamu ndogo ya Buddha, taa ya mafuta na kisahani cha maua. Juzi nikamuuliza bila kuzunguka: huwa unamwomba nini?

Akacheka. "Simwombi kitu, dada. Alikuwa binadamu, akafa na miaka 80 kule Kushinagar, India. Namshukuru tu kwa kunionyesha njia. Kuitembea ni juu yangu."

Maua huyaacha yanyauke palepale makusudi, ajikumbushe kwamba naye anapita. (Kwa jua la Dodoma, ukumbusho hauchelewi!)

Mimi Mkristo niliyezoea maombi ya ada, ya kiwanja, ya mvua, niliduwaa. Unampigia magoti mtu usiyetarajia akujibu? Ila akasema si wote walio kama yeye: Japani wapo wanaoliita jina la Buddha mwingine, Amida, wakitumaini kuzaliwa kwenye Nchi yake Safi, aina ya paradiso. Hao nawaelewa upesi zaidi.

Vesak, sikukuu yao ya kumkumbuka Buddha, ni mwezi mpevu wa Mei. Ameshatualika, na wanangu wanataka kujua kama kutakuwa na pilau.