Kurudi Chwaka na kisanduku cha rangi za maji

Nimerudi Unguja baada ya miaka mingi Uingereza, na nawaandikia wachoraji wenzangu mnaofunga mizigo kuja kuchora mikoko ya ghuba ya Chwaka. Rangi mlizonazo zitafaa. Mazoea ya mwanga yaacheni hukohuko.

Kule jua hupita chini na kivuli hulala ubavuni mwa mti. Hapa, mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba, jua la saa sita liko utosini kabisa. Kivuli chote hujikunja chini ya majani. Juu, jani la mkoko linang'aa kwa nta yake na kurudisha rangi ya mbingu, kwa hiyo ukilipaka kijani umelikosea. Acha karatasi wazi, pitisha buluu nyepesi mno, kijani kianzie pale jani linapoinama.

Kijani cha kwenye tyubu ni kikali kuliko mkoko wowote. Koroga sehemu mbili za njano yenye joto, inayoelekea rangi ya machungwa, kwa moja ya ultramarini, buluu iliyokolea, kisha chembe ya siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu. Mchu, nao wa jamii ya mikoko, ni mti mwingine kabisa: chini ya jani lake kuna rangi ya fedha, na upepo wa kusi ukivuma mti mzima hupauka. Hapo tumia ultramarini na siena tu, kwa maji mengi, bila njano.

Kinachowashinda wengi ni tope. Si kahawia! Maji yakipwa, linabaki na utando wa maji unaoshika mbingu. Lowesha karatasi yote, shusha rangi ya mbingu moja kwa moja hadi chini, ukiizidisha uzito kidogo unapofika kwenye tope. Vivuli vya mizizi ndani ya maji vipake karatasi ikiwa bado na unyevu. Mizizi yenyewe, yenye kupinda kama miguu ya kaa, ingoje karatasi ikauke. Ukiwahi, mzizi unavimba na kuonekana kama moshi.

Angalia mwezi kabla ya saa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa karibu saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Ukirudi kesho saa ileile kumalizia picha, maji hayatakuwa kwenye mstari uleule wa mizizi uliyoianza. Kwenye njia ya mbao ya kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, unaweza kusimama maji yakijaa au yakipwa, bila kukanyaga miche.

Usichote maji ya bahari kuchanganyia rangi: chumvi hubaki kwenye karatasi na kuvuta unyevu. Karatasi nayo, hata ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikikaa wazi wakati wa masika huliwa na kuvu. Gundi yake, ile inayozuia rangi isinywewe haraka, ikishakufa, inanyonya rangi kwa madoa kama karatasi ya shashi. Ifunge kwenye kisanduku cha plastiki kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na utoe karatasi moja tu kwa siku.