Unasoma mara tano halafu unatoka kapa

Miaka kibao mimi nilikuwa mtu wa kupaka rangi, kitabu kizima njano, narudia ukurasa mpaka najua ule mchoro uko upande gani, halafu swali likija natoka kapa. Kinachouma ni kwamba usiku wake nililala nikiwa na uhakika nimeiva. Kumbe ile "aah hii naijua" unayoisikia ukiona maneno sio kuijua, ni kuizoea macho tu, kama mtu unayepishana nae kila asubuhi ila jina lake hulijui.

Kuna watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi habari fupi wasome, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunga wakaandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo wanaongoza! Wakipimwa baada ya wiki 1, wale wa kuandika wakawaacha mbali. Ndo maana kukesha kunatudanganya sana, ya kesho asubuhi unayapata vizuri tu, muulize mtu mwezi ujao sasa.

Kwahiyo siku hizi nikimaliza mada nafunga daftari, navuta karatasi tupu, namwaga yote niliyonayo kichwani. Inakera jamani, kichwa kinagoma, mkono unawasha kuchungulia, usichungulie, kaa hapo hapo dakika mbili tatu uhangaike, maana kule kuhangaika ndo kusoma kwenyewe. Ukishamaliza ndo unafungua daftari, unajisahihisha na kalamu nyekundu.

Halafu kuna kadi. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza njia hii miaka ya 70, kadi ina swali mbele jibu nyuma, unazipanga kwenye maboksi, ukipata jibu kadi inahamia boksi linalofuata ambalo unalipitia kwa nadra zaidi, ukikosa inarudi boksi la kwanza. Programu ya kadi kama Anki inakupangia yenyewe siku ya kurudia, mi bado napenda karatasi. Ila usianze na kadi mia kwa siku, mimi nilianza hivyo zikanizidi nikazikimbia wiki mbili.

Kuna kadi moja ilikuwa inarudi boksi la kwanza kila siku, nikajiona mjinga kweli, juzi nikaisoma vizuri kumbe nilibananisha mambo matatu kwenye swali moja. Nikaigawa kadi tatu. Mbili zimeshahama, ya tatu bado inanisumbua.