Nilivyopanga mafuta ya injini ya turbo kwa kuchoma chipu mwenyewe

Injini ni ya silinda 4, lita 2. Kompyuta yake inasoma chipu ya 27C256, inayobeba programu na majedwali ya mafuta: kilobaiti 32, miguu 28, imechomelewa kwenye bodi kwa risasi.

Sikuanza na chipu, nilianza na presha. Bomba la vakyumu la regyuleta ya presha ya mafuta likichomolewa, geji kwenye reli ya injekta (vali zinazopulizia injini mafuta) inasoma bar 3. Likirudishwa, presha ya mafuta lazima ipande pamoja na ya turbo: turbo ikisukuma bar 1, geji isome 4. Yangu iligoma kwenye 3.4. Filta ilikuwa imeziba, na waya mwembamba ulikuwa unaifikishia pampu volti 11 badala ya 13 na ushei. Ukilifidia tatizo hilo kwa namba ndani ya chipu, siku waya ukizidi kuchoka pistoni itatoboka.

Kisha nilitoa injekta za sc (sentimita za ujazo) 370 kwa dakika nikaweka za 550. Hapa wengi hukimbilia kupunguza jedwali zima la mafuta, yaani visanduku vya namba vinavyoamua kiasi cha mafuta kwa kila kasi na mzigo. Kwa ukubwa wa injekta kuna namba moja tu ya kugusa, kizidishio cha injekta: 370 gawanya kwa 550, yaani 0.67. Pamoja nayo ubadilishe muda wa kuchelewa, ule unaopita tangu umeme ufike hadi sindano inyanyuke. Volti zikishuka, muda huo hurefuka. Injini ikiwa haijakanyagwa, injekta hufunguka kama milisekunde 2.5, hivyo kosa la 0.3 ni kubwa mno. Kwenye milisekunde 15 hulioni kabisa. Dalili yake: gari linavuta vizuri, lakini ukiwasha taa kubwa limesimama, injini inaanza kutetemeka.

Chipu niliitoa, nikaweka soketi, nikaisoma mara tatu na kulinganisha nakala kabla ya kubadilisha chochote. Kufuta ni dakika 20 hivi chini ya taa ya miale ya urujuanimno, kupitia kidirisha chake cha kioo. Baiti zote zisome FF, yaani tupu. Ikibaki hata moja, rudisha chini ya taa. Baada ya kuhariri nakala, kabla ya kuichoma kwenye chipu, kokotoa upya jumla ya uhakiki (namba inayotokana na baiti zote, ya kuonyesha kwamba programu ni nzima), la sivyo kompyuta nyingi huwasha taa ya hitilafu au hukataa programu. Funika kidirisha kwa stika isiyopitisha mwanga. Na angalia pengo la kichwani: ukiichomeka kinyume, umeiua.

Kupima nilitumia sensa ya oksijeni ya masafa mapana, baada ya turbo. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na usomaji unadanganya kwamba mafuta ni kidogo. Plagi ikikosa cheche, uongo ni uleule, kwa hiyo nilipunguza mwanya wa plagi hadi milimita 0.7.

Bila mzigo nalenga 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta; turbo ikisukuma, 11.6. Hesabu ni nyepesi: ukisoma 12.6 ukitaka 11.6, zidisha kisanduku cha jedwali la mafuta injini ilipokuwa kwa 12.6/11.6. Penye 112 panakuwa 122. Rekebisha na majirani zake, maana kompyuta huchukua wastani kati ya visanduku. Anza na presha ndogo ya turbo na cheche iliyorudishwa nyuma (iliyocheleweshwa) digrii chache. Ukisikia injini inagonga, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta hapohapo.

Mipaka miwili niliiheshimu. Kwenye mizunguko 6000, mizunguko miwili ni milisekunde 20. Injekta ikifunguka 17, hiyo ni asilimia 85, usiendelee. Na sensa ya presha ya bar 2 huona bar 1 tu ya turbo, maana bar ya kwanza ni ya hewa ya kawaida. Zaidi ya hapo hewa inaongezeka, mafuta yanabaki palepale.

Jedwali la kuwasha injini ikiwa baridi ndilo lililonila siku nyingi, kwani injini hupoa kabisa mara moja tu kwa usiku: kila asubuhi jaribio moja, chipu moja.