Kijiti kilipoacha kugeuka zambarau

Asubuhi ya wiki ya sita nilisimama bafuni nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha kijiti cha kupimia ketoni za mkojo, zile ambazo mwili hutengeneza kutokana na mafuta mtu akiacha wanga, nikakilinganisha na rangi zilizochapishwa ubavuni mwa kopo. Wiki ya pili kilikuwa kikigeuka zambarau iliyokoza kama ganda la biringanya. Siku hiyo kilikuwa na uwaridi hafifu tu, kama kitenge kilichochuja. Nilikuwa na siku 40 sijaonja ugali, chapati, mandazi wala chai ya sukari. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikalia.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeshika kijiti kama hicho leo, maana mimi wiki hizo nilijitesa bure.

Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani tatu kwenye chumba kimoja mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwaka jana nilipimwa sukari kabla sijala kitu, ikasoma milimoli 6.6 kwa lita. Daktari akaniambia hicho bado si kisukari, lakini nimeshafika mlangoni. Nilikuwa na kilo 96, na kila asubuhi nameza kidonge cha presha. Mama yangu alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari, kwa hiyo sikuhitaji kuhubiriwa. Nikamwuliza daktari kuhusu chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo. Alikubali kwa sharti kwamba nirudi kila wiki mbili apime presha, kwa sababu mwili ukianza kutoa maji, kidonge kilekile kinaweza kuzidi nguvu. Mtu asilipuuze sharti kama hilo.

Chakula chenyewe kinapatikana hapa Nairobi bila shida. Mayai, parachichi za mama mboga, sukuma wiki na managu ya kukaangwa kwa samli, omena, matumbo, na Jumamosi nyama ya soko la Burma. Kilichonisumbua ni chai ya saa nne, ambayo huletwa ikiwa imeshatiwa sukari, na mama mkwe wangu ambaye haamini kuwa mtu ameshiba kama hakula ugali. "Mama, nimeshiba kweli," nilimwambia kila Jumapili, na kila Jumapili alinipakulia. Nilijiwekea kikomo cha gramu 25 hivi za wanga kwa siku.

Siku ya tatu nikaanguka. Kichwa kiliniuma, miguu ikawa si yangu, moyo ukidunda nikipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Binamu yangu ni muuguzi. Alipopiga simu jioni nikamwambia nimeshikwa na mafua. Akaniuliza, "Dada, chumvi unatia kiasi gani?" Nilikuwa karibu nimeiacha kabisa kwa sababu ya presha. Akanieleza kwamba wanga ukipungua insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo hushuka, na insulini ikishuka figo huiachia sodiamu itoke pamoja na maji. Mafua yangu yalikuwa upungufu wa chumvi na maji. Aliniambia nimwulize daktari kwanza, nikapiga simu, daktari akaniruhusu kikombe kimoja cha supu ya mifupa yenye chumvi kila siku. Usiku huohuo kichwa kilitulia.

Wiki hiyo ya kwanza nilipungua kilo 3 nikashangilia. Mengi yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, kiasi cha gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu hushikilia maji gramu 3 hivi. Akiba ikitumika, maji yake huenda zake. Ni hapo ndipo ini hugeukia mafuta na kuanza kutengeneza ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi, yaani sukari ya damu.

Na ketoni ndizo nilizokuwa nikizitafuta kwenye mkojo. Siku ya nne kijiti kiligeuka, na tangu siku hiyo rangi ndiyo ikawa cheti changu. Nilipima asubuhi na jioni. Nilimwonyesha mume wangu. Wiki ya nne rangi ikaanza kupauka, nikaenda kuuliza kwenye duka la dawa. Kijana aliyekuwa kaunta akanitazama akasema, "Mama, hapo kuna wanga unakula." Alisema kwa adabu, lakini niliondoka na aibu kama mwizi. Nikaondoa kitunguu. Nikaondoa nyanya, kisha sukuma wiki. Mwishowe nilikuwa nashindia mayai mawili na kipande cha nyama, mikono ikitetemeka hata kutunga uzi kwenye sindano, na kijiti kikazidi kupauka.

Binamu yangu alikuja kunitembelea siku mbili baada ya kile kilio changu. Kwanza alikagua kopo. Nilikuwa naliweka bafuni, kifuniko kimelegea, na mvuke wa maji ya kuoga huharibu vijiti. Tukafungua kopo jipya. Rangi ikawa ileile hafifu. Basi kosa halikuwa la vijiti, ingawa tangu hapo nimevihamishia kabatini.

Ndipo akanipeleka dirishani akanionyesha tangi letu la juu ya paa. Kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, pampu inayapandisha, na kuna bomba la pembeni la kumwagia maji tangi linapojaa. Tulipohamia, nyumba zilizokuwa na watu zilikuwa nne tu, na bomba lile lilimwaga hadi ukuta ukaota ukungu wa kijani. Siku hizi nyumba zote 16 zina wapangaji na bomba limekauka. "Pampu imeharibika?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, maji yanatumika. "Basi ini lako ndilo pampu, na mkojo ni lile bomba."

Sijawahi kuelezwa jambo la mwili nikalielewa upesi hivyo. Wiki za mwanzo ini linatengeneza ketoni na mwili bado haujazoea kuzitumia, kwa hiyo nyingi zinamwagika. Baadaye matumizi yanakaribiana na utengenezaji, na figo nazo huanza kuzirudisha ketoni kwenye damu badala ya kuziacha zipite. Kisha kuna hili ambalo kijana wa kaunta hakunieleza. Kijiti cha mkojo kinaona aina moja tu ya ketoni, asetoasetati. Ketoni iliyo nyingi zaidi kwenye damu huitwa beta-haidroksibutireti, na hiyo kijiti hakiioni kabisa. Hata maji ninayokunywa yanabadilisha rangi: nikinywa chupa mbili, mkojo unakuwa mwepesi na kijiti kinapauka nacho, bila kitu chochote kubadilika ndani.

Nikanunua mashine ya kupima kwa tone la damu, inayosoma hiyo beta-haidroksibutireti, nayo kwa milimoli kwa lita. Vipande vyake ni ghali kuliko vya sukari, kwa hiyo nilivitumia kwa mpango. Niliandika matokeo nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, na mpaka leo kuna ukurasa wenye kiuno cha mtu, 34, na chini yake ketoni zangu, 1.4.

Kipimo cha kwanza saa moja asubuhi kilisoma 0.5, moyo ukanianguka tena. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyohiyo nikapata 1.4. Nilidhani mashine ni mbovu, lakini siku tatu mfululizo mambo yakawa yaleyale. Alfajiri mwili hujiandaa kuamka kwa kumwaga homoni, kotisoli ikiwa mojawapo, na homoni hizo hulifanya ini litoe glukosi kidogo. Ketoni za asubuhi hushuka kwa sababu hiyo. Sukari yangu nayo ilithibitisha: asubuhi 5.6, jioni 4.8. Aliyepima asubuhi leo na jioni kesho, akasema amepanda, hajui alichopima. Mimi nilichagua saa kumi na moja jioni, kabla ya chakula, nikabaki hapo.

Jumamosi moja nilitembea msitu wa Karura kwa mwendo wa haraka, nikapima langoni wakati wa kutoka: 0.4. Misuli ilikuwa imezila ketoni. Baada ya muda wa saa tatu, nimekaa tu nyumbani, nikapata 1.7. Kama ningepima mara moja tu, ningeandika ama kwamba mazoezi yanaua ketoni, ama kwamba yanazileta, na yote mawili yangekuwa nusu ya habari.

Nilirudisha sukuma wiki yangu na nyanya. Ketoni hazikujali.

Wiki ya 12 jioni zangu zilikuwa zinacheza kwenye 0.7 na 0.9, chini kuliko wiki ya sita, na safari hii sikulia. Wanaofuata chakula hiki huhesabu kuanzia 0.5 hadi 3.0 kuwa ketosisi ya chakula, yaani hali ya mwili kuendeshwa na ketoni kwa sababu ya chakula, na kuwa karibu na 3 hakumchomei mtu mafuta zaidi ya aliye na 0.8. Ketoni nyingi kwenye damu ni ketoni ambazo bado hazijatumika. Nilikuwa nashona tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana bila njaa kunisukuma. Nilipanda ngazi zile za ghorofa ya tatu nikiongea na simu. Ile mikono ya kutetemeka ilikuwa imeisha, na uzi ulipita kwenye sindano mara ya kwanza.

Nimesoma kidogo historia ya mambo haya, na imenipa heshima kwa mwili. Chakula cha namna hii kilipewa jina lake la Kiingereza, "ketogenic diet", yaani chakula cha kuleta ketoni, mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, akikipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Na mwaka 1967 George Cahill na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyefunga kula kwa wiki kadhaa, ubongo wake huendeshwa kwa sehemu kubwa na ketoni. Mtoto wa kifafa huhitaji kiwango cha juu kinachosimamiwa na daktari. Shabaha yake si yangu, na mimi nilikuwa nimejilinganisha na namba ambazo hazikunihusu.

Mwezi wangu wa tatu wa kuacha wanga kulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ya mpwa wangu Kiambu. Nilikula mukimo wa viazi na mahindi, chapati mbili, na keki. Nilikula kwa furaha na sijutii. Kesho yake mashine ilisoma 0.1 na mizani ikaongeza kilo 2, maji yale yale yamerudi na akiba yake. Mara ya kwanza ilinichukua siku nne hata kijiti kigeuke, tena kwa maumivu. Safari hii jioni ya siku ya pili nilikuwa 0.6, kichwa hakikuuma. Hapo ndipo niliona kwa macho yangu kwamba mwili ulikuwa umejifunza njia na haukuisahau kwa karamu moja.

Nirudi kwenye presha. Wiki ya nane niliinama kuokota mkasi chini ya cherehani, nilipoinuka chumba kikazunguka. Siku iliyofuata nilikuwa kliniki: 98 kwa 60. Daktari akapunguza kidonge nusu, na baadaye akakiondoa. Ningeendelea peke yangu nikidhani ni uchovu wa ketoni, ningeanguka mbele ya pasi ya moto.

Na kuna watu ambao haya yangu hayawahusu kabisa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asijaribu kwa kusoma tu, kwa maana insulini ikikosekana ketoni hupanda bila breki na damu hujaa asidi kupita kiasi. Anayemeza vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama empagliflozini, anaweza kupatwa na hatari hiyohiyo hata sukari yake ikisoma vizuri. Mjamzito na anayenyonyesha wamwone daktari kwanza. Ukiwa na ketoni za juu huku unatapika, tumbo linauma na unahema haraka, usikae kungoja kupima tena; nenda hospitali.

Sasa napima Jumapili tu. Sukari yangu ya asubuhi imekaa kwenye 5.2, nina kilo 81.

Juma lililopita aliingia mteja, msichana wa kazi ya benki, kuchukua sketi aliyotaka ipunguzwe kiuno. Alikuwa na siku tano tangu aache wanga, midomo imekauka, ameshika kichwa. Akafungua simu kunionyesha picha ya kijiti chake, zambarau tupu, akaniuliza kama nimewahi kuona rangi nzuri hivyo. Nikamwambia nimewahi, nikamwuliza kama ana presha au anameza dawa yoyote. Alisema hana. Nikamvutia stuli, nikamwaga supu kutoka kwenye chupa yangu ya chai, nikatia chumvi.