Ukitafuta asili ya jina Mazrui

Kenya, jina Mazrui ni la wachache, na wengi wao chimbuko lao ni Mombasa, Takaungu au Gazi. Ukoo huu wa Oman ulishika mizizi baada ya Waomani kuwang'oa Wareno katika Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1698. Liwali (gavana) wa Mombasa, Muhammad bin Uthman wa ukoo huu, alipokataa kumtii Ahmad bin Said, mtawala mpya wa Oman, aliuawa. Nduguye Ali akaitwaa tena ngome mwaka 1746. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoiteka Mombasa mwaka 1837, walionusurika wakatawanyika: wengine kaskazini Takaungu, wengine kusini Gazi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee wa ukoo ni hilo: sisi wa Gazi au wa Takaungu?

Kuwahesabu kwa vitambulisho kunapotosha sana. Mtu huandikwa jina lake, la baba na la babu, nisba (jina la ukoo) ikaachwa, basi Mmazrui halisi haonekani kabisa. Andika majina kwa mfululizo hadi babu wa nne au wa tano, kisha linganisha na familia nyingine. Tafuta pia Al-Mazrui, Mazroui na, huko Falme za Kiarabu, Al Mazrouei.