Sikoseli, malaria na swali la dada yangu

"Mdogo wangu, hii dawa haitamzidishia mtoto malaria?" Mpwa wangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ameandikiwa haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali yake, na mfamasia wa ukoo ni mimi. Hofu ya dada si ya bure: dawa hii huweza kushusha chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na wao wanaishi Muheza, Tanga, kwenye malaria.

Nililiandika swali lake kwa Kiswahili kwenye programu ya akili mnemba, nayo ikanipa maneno ya kitaalamu ya kutafutia. Kwa hilo naisifu bila kusita. PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, ina machapisho zaidi ya milioni 35. Usipojua watafiti wanakiitaje kitu unachokitaka, utashinda humo utoke mikono mitupu.

Kwanza programu iliniletea BABY HUG, utafiti wa 2011 wa dawa hii kwa watoto wachanga 193 wa Marekani. Utafiti mzuri, lakini mtoto wa kule haumwi na mbu wa Muheza. Nikataka uliofanyika kwenye malaria. Ikaja REACH, utafiti wa dawa hiyohiyo uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na watoto 606 waliotumia dawa. Ikaja na makala nyingine yenye kichwa kizuri, jina la jarida na mwaka. Hiyo nimeitafuta PubMed, nikaitafuta kwenye jarida lenyewe: haipo. Imetungwa! Kwenye dawa ya mtoto hili linaniudhi mno, ndiyo maana kila makala naidai namba yake ya PubMed, kisha naifungua mwenyewe.

REACH niliisoma mpaka kwenye majedwali. Kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja, malaria ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Muhtasari wa programu uliyataja hayo, ukaacha jambo kubwa: hapakuwa na kundi lisilopewa dawa. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe katika kipindi kifupi kabla ya kuanza. Tena walikuwa wakipimwa damu mara kwa mara.

Nikampigia dada. Nikamwambia dawa ampe, chandarua kisitoke kitandani, na amuulize daktari mambo mawili: damu itapimwa tena lini, na chembechembe zikishuka dawa itasimamishwa au itapunguzwa?