Nilivyopima maji yanavyoingia ardhini Mgeta, na rangi ya bluu ilivyoniokoa

Nimeandika hii kwa ajili ya yeyote anayeenda kufanya utafiti wa maji na udongo milimani, maana mimi nilipoteza karibu mwezi mzima kwa kutojua vitu vidogo ambavyo kama mtu angeniambia mapema ningemshukuru sana.

Utafiti wangu wa masters ulikuwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kule unakofika kwa kukatia Sangasanga halafu unapanda mpaka masikio yanaziba. Swali langu lilikuwa jepesi ukilisema: mvua ikinyesha pale juu, ni maji kiasi gani yanaingia ardhini na kiasi gani yanateremka na udongo, na mimea iliyopo inabadilisha nini? Swali linanigusa kwasababu mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndo inanywewa Dar, mimi nimekulia Dar kwenye foleni za madumu.

Nilichonga pete mbili za chuma kwa fundi wa kuchomelea Morogoro mjini, ndogo sentimita 30 upana, kubwa 60. Unazigongelea kwenye udongo moja ndani ya nyingine, unajaza maji zote mbili, halafu unasoma maji ya pete ya ndani yanashuka kwa kasi gani mpaka kasi itulie. Ile ya nje kazi yake ni kuzuia maji ya ndani yasitawanyike pembeni, ili unachosoma kiwe ni maji yanayokwenda chini kweli. Vitabuni inaonekana rahisi sana, ila vitabu vingi vinachora uwanja tambarare, na Mgeta tambarare ipo kiwanja cha mpira tu.

Kwenye mteremko pete kubwa ikikaa, upande wa chini unabaki hewani na maji yanamwagika kabla hujaanza kusoma. Nikajaribu kusawazisha kwa jembe, kosa kubwa, kwasababu ukishaparua umeshaondoa ule uso wa udongo wenyewe, na uso ndo unaamua maji yaingie au yateleze. Halafu maji yenyewe yanabebwa kichwani kwa ndoo za lita 20 kutoka kijitoni, vijana wawili waliokuwa wananisaidia walichoka siku ya tatu na nikawaelewa kabisa. Nikarudi kwa fundi anikatie pete ndogo za sentimita 15, moja moja bila ya nje. Zinapoteza usahihi kidogo maana maji yanatawanyika pembeni, lakini ukitumia hizohizo kila mahali kulinganisha kunawezekana, na ndoo moja inatosha vipimo kadhaa.

Sasa ndo matatizo yenyewe yakaanza. Kwenye njia ya miguu na pale mbuzi wanapopita, maji yalishuka kama upana wa vidole viwili kwa saa nzima, sawa, nilitegemea. Kwenye shamba la kabichi lililolimwa karibuni yaliingia vizuri mwanzoni halafu yakapungua sana. Ila chini ya migomba iliyochanganywa na migrevilea (miti ya kivuli na mbao) kwa mama mmoja, maji yalikuwa yanapotea, yaani namimina na kabla sijashika simu kuangalia muda pete imekauka. Nikahamisha mita mbili, ikasoma taratibu. Nikahamisha tena, ikapotea. Msimamizi wangu nilivyomtumia data akasema pete inavuja, rudia. Nikarudia siku nne, vilevile. Usiku nikawa silali vizuri, maana ukiwa na namba zinazoruka hivyo huwezi kuandika kitu.

Kilichonitoa ni rangi ya bluu ya chakula, ileile inayotumika kwenye vinywaji na pipi. Watafiti wa udongo wanaitumia dunia nzima kwasababu ni salama na inaonekana vizuri kwenye udongo mwekundu. Nikachanganya gramu 4 kwa kila lita, nikamwagilia taratibu kipande cha mita moja kwa moja chini ya migomba, nikalala, kesho yake nikachimba shimo pembeni na kukata ukuta kwa panga tabaka kwa tabaka. Mama mwenye shamba akasimama juu yangu, "Mwanangu, unatafuta dhahabu?" Nikamwambia njoo uone mama.

Bluu haikushuka kama doa la chai kwenye kitambaa. Ilishuka kwa mistari. Mistari ilifuata mizizi iliyokufa na kuoza ikaacha mirija, na mashimo ya minyoo, na sehemu moja njia ya mchwa, mingine ilikwenda mpaka kiunoni kwangu wakati udongo wa katikati yake ulikuwa mkavu kabisa. Kumbe pete haikuvuja. Pete ikikaa juu ya mrija inakunywa, ikikosa inasoma udongo mtupu, na zote mbili ni kweli. Suluhisho likawa kuongeza idadi ya vipimo, sio kutupa vile vinavyoruka. Nikafanya kumi na tano kila aina ya shamba badala ya vitatu, na nikachukua sampuli za udongo kukausha kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24 kujua unyevu uko wapi. Kwenye kabichi nilichimba pia, pale bluu iliishia kina cha jembe kama imegonga sakafu.

Jirani, babu mmoja mtu mzima sana, alikuja kuona shimo. Nikamwamkia shikamoo, akashika ukuta kwa kidole akasema "hiyo ya chini ndo waliyotutolea juu". Alikuwa anaongelea matuta ya ngazi ya lazima ya mkoloni miaka ya 50, yaliyofanya watu wainuke kuyapinga mwaka 1955 kule Matombo, upande wa pili wa Uluguru. Ukichimba tuta pana mlimani unafukia udongo mweusi na kuleta juu ule mwekundu usio na kitu. Waluguru walikuwa na njia yao, wanaparua nyasi na magugu, wanayalaza kwa mistari kukinga mteremko na kuyafunika kwa udongo wa juu. Majani yanaozea humohumo na maji yanapata pa kupita. Kwa nilichokiona shimoni, walikuwa na hoja.

Ila naomba msinielewe vibaya kwamba maji kuingia ni heri siku zote. Februari 1970 hapohapo Mgeta ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa masaa machache, kukatokea maporomoko madogo zaidi ya 1,000, karibu yote mashambani na kwenye nyasi, msituni machache mno. Maji yaliingia, udongo ukalewa, na hakukuwa na mizizi mirefu ya kuushika. Kwahiyo swali aliloniuliza yule mama mwenye migomba, "nipande miti mingapi?", ni gumu. Miti nayo inakunywa. Utafiti wa Burkina Faso uliotoka 2016 ulionyesha kule kwenye ukame miti ya wastani ndo inaingiza maji mengi chini, kuliko bila miti au miti iliyobanana. Mgeta mvua ni nyingi zaidi, siwezi kuchukua jibu lao nikampa mama.

Ndo maana Septemba narudi kipindi cha kiangazi, safari hii kupima kijito chini ya shamba lake. Pete zangu bado ziko kwake, amezifungia stoo na jembe.